Malezi ya Watoto Wetu katika Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Kila zifikapo likizo za shule, mabasi na gari la moshi hushusha Mombasa watoto wengi watokao Nairobi, waliokuja kuwazuru bibi na babu zao. Wengine hubaki Mji wa Kale, Majengo, Kisauni na Likoni, na wengine hupita wakenda Malindi na Lamu. Na kila likizo twasikia barazani maneno yale yale: kwamba wajukuu hawa hawajui kuamkia mpaka wakumbushwe, kwamba hugombana na watoto wa ami zao kutwa, kwamba wakiitwa huuliza kwanza waitiwa nini, na kwamba lugha yao si Kiswahili wala si Kizungu. Hatima ya mazungumzo ni hukumu moja, kwamba mtoto ameharibika, na dawa ni ama bakora, ama kumfungia ndani asionane na watoto wa mtaa, ama kumwondoa kwa wazazi wake na kumleta pwani akae na bibi yake moja kwa moja.

Katika darsa zetu tumeona yafaa jambo hili litazamwe kwa makini kabla ya kutolewa hukumu kama hiyo, kwa kuwa kumtenga mtoto wa miaka saba na mamake ni jambo zito. Elimu ya ukuaji wa akili na tabia za watoto imepiga hatua kubwa katika miaka mia moja iliyopita, na baadhi ya uchunguzi wake ulifanywa hapa hapa Kenya, na mmoja katika hizo mitaa za Eastlands zenyewe. Twataka kuonyesha kwamba mengi yanayoitwa uharibifu ni ukuaji uliokosa nafasi.

Kwanza yapasa kuijua mitaa yenyewe. Pumwani ndio wa kale miongoni mwao. Uliwekwa na serikali ya kikoloni mwanzo wa miaka ya 1920 uwe makao ya Waafrika, na Majengo yake ikawa na nyumba za Kiswahili, vyumba vikitazamana na ukumbi ukipita katikati, zikikaliwa na Waislamu wa makabila mengi. Baadaye zikafuata Shauri Moyo, Ziwani na Kaloleni. Kisha Bahati, Mbotela, Ofafa na Jericho katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960. Kisha Buruburu, Umoja na Dandora katika miaka ya 1970, na Kayole baada yake. Serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika wa mjini kuwa ni mgeni aliyekuja kufanya kazi, na mkewe na watoto wake wako kwao. Kwa hivyo nyingi katika nyumba za zamani zilijengwa kwa ajili ya mwanamume peke yake, chumba cha kuweka kitanda na sanduku. Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya 1940 kwa kukusudiwa familia, pamoja na ukumbi wake na viwanja vyake, ulikuwa mfano wa nadra. Basi familia zikaingia katika vyumba ambavyo havikukusudiwa mtoto, na mpaka leo zimo. Na magorofa mapya ya Pipeline, Umoja na Kayole yamezidisha dhiki hiyo: gorofa sita au saba, mlango mbele ya mlango, chumba kimoja baba, mama na watoto watatu, na uwanja hakuna isipokuwa ngazi na njia ya magari. Msomaji aliyelelewa katika nyumba yenye uwanda nyuma na baraza mbele afikiri mwenyewe mtoto wa miaka minne atakwenda wapi humo.

Sasa tuje kwa mtoto mwenyewe. Kosa kubwa tulifanyalo watu wazima ni kudhani kwamba akili ya mtoto ni akili yetu iliyo ndogo, kama kanzu iliyopunguzwa. Mwanachuoni wa Uswisi aitwaye Jean Piaget, aliyezaliwa mwaka 1896 na kufa mwaka 1980, alionyesha kwamba sivyo. Jaribio lake moja mama yeyote aweza kulifanya jikoni. Mimina chai sawasawa katika vikombe viwili vilivyo sawa, mbele ya mtoto wa miaka minne au mitano, mpaka akiri kwamba ni sawa. Kisha, akitazama, mimina kimoja katika gilasi nyembamba ndefu, umwulize ipi iliyo nyingi. Atakwambia ya gilasi. Mwambie kwamba ni ile ile; hatakubali, kwa sababu macho yake yaona imepanda juu. Mwulize nduguye wa miaka minane, atakucheka kwa swali lako. Hakuna aliyemfundisha jambo hilo huyu mkubwa, wala mdogo si mjinga. Ni kwamba akili ya mdogo hushika jambo moja kwa wakati, nayo ni ile sura inayoonekana.

Na lililo zito zaidi ni katika habari ya uwongo. Mwaka 1983 wataalamu wawili, Heinz Wimmer na Josef Perner, waliwasimulia watoto kisa cha mvulana aliyeweka chokoleti yake katika kabati moja akatoka nje, na nyuma yake mama akaihamisha katika kabati jingine. Watoto wakaulizwa: mvulana akirudi ataitafuta wapi? Walio na miaka mitatu husema ataitafuta iliko sasa, kwa sababu wao wanajua iliko. Hawawezi kufikiri kwamba mtu mwingine ana moyoni mwake jambo wasilolijua wao au wanalolijua wao na yeye halijui. Kiasi cha miaka minne au mitano ndipo fahamu hiyo hufunguka, na jaribio la namna hii limerudiwa katika nchi nyingi. Faida yake kwa mzazi ni kubwa. Mtoto wa miaka mitatu aliyejaa sukari midomoni akasema hakula, hakukusudia kumdanganya mamake kama mtu mzima adanganyavyo. Atamani tu jambo lisiwe limekuwa. Na yule wa miaka mitano aanzapo kusema uwongo wenye mpango, hilo, ingawa lapasa kukatazwa, ni dalili kwamba ameanza kujua kwamba watu wana nyoyo mbalimbali. Na ni fahamu hiyo hiyo itakayomfundisha kumhurumia mwenziwe. Anayempiga kwa sababu ya alama hiyo ampiga kwa sababu amekua.

Hata hivyo sisi hatusemi kwamba mtoto aachwe. Umri wa miaka mitatu hata sita ndio umri wa kutaka kufanya: kumimina, kufagia, kukata, kuvaa mwenyewe. Erik Erikson, mmoja wa wakubwa wa elimu hii, aliuita umri wa kuanzisha mambo, na akaonya kwamba mtoto anayezuiwa na kukaripiwa katika kila analolianza hubaki na hisia ya hatia hata pasipo kosa. Katika chumba cha futi kumi kwa kumi, chenye jiko chini na maji ya moto juu yake, mama hana budi kusema usiguse tangu asubuhi hata jioni. Hatumlaumu mama huyo. Twasema tu kwamba mtoto aliyeambiwa usiguse kwa miaka mitatu, asiulizwe baadaye kwa nini hajui kusaidia kazi.

Kisha huja mgeuko wa miaka mitano hata saba, nao ndio kiini cha maneno yetu. Fiqihi yetu yaujua mgeuko huu tangu zamani: umri wa miaka saba ndio uliohesabiwa kuwa mwanzo wa kupambanua, yaani tamyizi, na ndio umri ambao Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliagiza watoto waanze kuamrishwa sala. Wataalamu wa leo wamefika hapo hapo kwa njia nyingine. Mwaka 1975 Barbara Rogoff na wenzake walitazama habari za jamii 50 za ulimwengu, wakaona kwamba baina ya miaka mitano na saba watu wa mahali pengi huanza kumkabidhi mtoto kazi za kweli: kulea mdogo, kuchunga, kupeleka ujumbe, kuchota maji. Hata watu wasiojuana wamekubaliana kwamba hapo mtoto aweza kuaminiwa.

Na kazi hizo si mzigo tu; ndizo zinazomfanya awe mtu. Sara Harkness na Charles Super, waliokaa na Wakipsigis wa Kokwet katika miaka ya 1970, walieleza kwamba wazazi wa huko wana neno ng'om kwa mtoto mwenye akili, na wakiitaja akili ya nyumbani, humkusudia mtoto aonaye lililo la kufanywa akalifanya bila ya kutumwa mara mbili. Nao wakiipambanua na akili ya shuleni. Carol Ember naye alichunguza watoto wa Kijaluo huko Nyanza, akaona wavulana waliopewa kazi za ndani, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na msichana wa kuzifanya, wana ukali mdogo na ubabe mdogo kuliko wenzao. Twapenda akina baba wa pwani waisome sentensi hiyo tena, wale wasemao kwamba mwanamume kushika ufagio ni aibu.

Basi tuingie Eastlands. Mwisho wa miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970, Mmarekani Thomas Weisner alichunguza familia za Waluhya wa Kisa, Magharibi mwa Kenya, pamoja na jamaa zao waliokaa Kariobangi, wengi wao katika chumba kimoja cha kukodi. Aliwalinganisha wawili wawili, aliye mjini na aliyebaki shamba, wanaokaribiana kwa umri na elimu na ukoo, ili asije akalinganisha tajiri na maskini au msomi na asiyesoma. Akawatazama watoto wao siku kwa siku. Aliona kwamba watoto walioko mjini wana ugomvi na usumbufu zaidi, na walioko shamba wana uchangamfu na maelewano zaidi baina yao. Haya ndiyo yale yale wasemayo wazee wetu barazani, na hatuoni sababu ya kuyakataa.

Lakini tazama sababu yake. Watoto hawa ni wa damu moja na mila moja. Tena mama na watoto walikuwa wakienda na kurudi, miezi shamba na miezi Kariobangi. Kwa hivyo haiwezekani kusema kwamba hawa wamezaliwa wabaya na hawa wema, wala kwamba wa mjini hawakufunzwa adabu. Kilichobadilika ni mahali. Shamba mtoto wa miaka minane ana mbuzi, ana kuni, ana mdogo wake mgongoni, na ana watoto wa ami zake wa kila umri, mkubwa akimtazama mdogo. Mjini kazi hizo hazipo. Dada mkubwa aliyekuwa akilea wadogo yuko shuleni, au ameachwa kwa bibi. Na mama, aliyekuwa akisaidiwa na wake wenza, mashemeji na mabinti, amebaki peke yake chumbani akiwa ndiye hakimu wa kila ugomvi. Watoto watatu wasio na kazi katika chumba kimoja watagombania kiti, sahani na godoro. Tungewaweka wazee wenyewe humo kwa wiki moja, twaamini nao wangegombana.

Imepita zaidi ya nusu karne tangu uchunguzi huo, na Kariobangi ya leo si ile. Lakini vyumba havikupanuka, na watu wamezidi. Juu ya hayo kumeingia televisheni na simu, ambazo humtuliza mtoto kwa saa mbili bila ya kumpa la kufanya.

Jambo la pili linalowaudhi wazee ni lugha. Kuanzia miaka sita au saba mtoto hugeuka kutoka kwa mamake akaelekea kwa wenziwe. Ataka kundi, ataka kanuni za mchezo, ataka siri ambayo watu wazima hawaijui. Si jambo la Nairobi. Latokea kila mahali palipo na watoto. Katika Eastlands siri hiyo ilitoka ikawa lugha nzima, nayo ndiyo Sheng. Mitaa kama Kaloleni, Makongeni, Bahati na Jericho ilikuwa na watoto wa kila kabila, kila mmoja ana lugha ya chumbani kwake, wakakutana uwanjani ambapo Kiswahili ndicho kilichowaunganisha, na shuleni wakapata Kiingereza. Wakachanganya. Mtoto akawa mtoi, mama akawa mathe, baba akawa buda, nyumba ikawa keja. Na maneno hubadilika mtaa kwa mtaa, hata mtoto wa mtaa mwingine hujulikana kwa neno moja. Viambishi vyake na mpango wa sentensi zake, ukizitazama, kwa sehemu kubwa ni vya Kiswahili.

Sisi tunaipenda lugha yetu, na hatufurahi kumsikia mtoto wa Kiswahili asiyeweza kumsalimu bibi yake kwa maneno fasaha. Lakini tuwakumbushe wazee jambo moja. Nani katika wao hakusema kinyume alipokuwa mdogo? Silabi ya mwisho hutangulia, nyumba ikawa mbanyu na kitabu kikawa bukita, na watoto wakaseti mipango yao mbele ya watu wazima bila ya kuogopa kujulikana. Mama zetu hawakusema tumeharibika. Walichofanya ni kusema nasi lugha njema nyumbani kila siku, na kinyume kikabaki mchezoni. Mtoto aweza kuwa na lugha mbili au tatu pasipo madhara yoyote, naye hujua upesi ipi ya nani. Asiyeweza kusema Kiswahili fasaha kwa bibi yake, hakukipoteza kwa sababu ya Sheng. Hakukisikia chumbani, kwa kuwa baba hurudi usiku na mama amechoka.

Umri huu wa miaka saba hata kumi na miwili una jeraha lake pia, ambalo halionekani kwa macho. Mtoto mdogo hujisifu. Mwulize wa miaka minne, atakwambia yeye ndiye mwenye mbio kuliko wote. Ifikapo miaka saba au minane huanza kujilinganisha na wenziwe kwa kweli, na ndipo Erikson akasema kwamba katika umri huu mtoto ama hupata moyo wa bidii ama hujiona duni. Sasa fikiri mtoto anayesomewa namba yake mbele ya darasa, kisha nyumbani baba akamtajia mtoto wa jirani aliyemshinda. Siku yake yenyewe huanza alfajiri; akitoka shule huenda chuoni au duksi, akirudi ana masomo ya ziada. Hapana saa hata moja ya mchezo ambayo watu wazima hawakuipanga, na kucheza na wenziwe ndiko kunakomfundisha kungoja zamu, kushindwa bila ya kulia, na kupatana baada ya kugombana. Mwalimu hawezi kuyafundisha hayo ubaoni.

Katika habari ya chuo, pwani ina jambo la kujivunia. Mwaka 1986 ilianza Mombasa kazi ya kuanzisha shule za watoto wadogo ndani ya madrasa, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, na Bi Swafiya Said akiwa miongoni mwa walioibeba tangu mwanzo. Baadaye ikafika Zanzibar na Uganda. Mtoto hufunzwa dini yake na pia huachiwa kupanga, kujenga, kupima na kucheza kwa vitu vya kawaida, vifuu, mbegu, makopo na vitambaa. Peter Mwaura na wenzake walipowalinganisha watoto hao na wengine wa Kenya, Uganda na Zanzibar, katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2008, waliona waliopitia shule hizo wamepiga hatua kubwa kuliko waliokaa nyumbani, na kubwa kuliko wa shule nyingine za watoto wadogo. Tena chuo chetu cha kale kilikuwa na hekima moja ambayo madarasa ya leo yameipoteza: watoto wa umri mbalimbali jamvi moja, na aliyetangulia juzuu akimsomesha aliye nyuma yake. Mtoto wa gorofani asiye na mdogo wa kumlea angeweza kumpata hapo. Twawaomba walimu wa madrasa za Pumwani, Eastleigh na Umoja walifikirie hili, badala ya kuwapanga watoto kwa umri kama shule ya serikali.

Kuhusu bakora tutasema machache. Fimbo ilikatazwa katika shule za Kenya mwaka 2001, na Katiba ya mwaka 2010, katika ibara yake ya 29, imempa kila mtu haki ya kutopewa adhabu ya mwili. Wenye kudai kwamba dini imewapa ruhusa huenda mbio kwenye umri wa miaka kumi, wakaisahau ile miaka mitatu ya kuamrisha na kukumbusha kwa upole iliyotangulia, na wakausahau mwendo wa Mtume mwenyewe, ambaye Anas bin Malik alimtumikia utotoni kwa miaka kumi wala hakusikia kwake neno la karipio. Na mtoto wa miaka mitatu au minne kumpiga hakuna maana kabisa, kwa kuwa hawezi bado kulifunga kosa la asubuhi na adhabu ya jioni.

Basi nini lifanywe? Mzazi aliyeko Kayole hawezi kuvunja ukuta, lakini aweza kumpa mtoto wa miaka sita kazi iliyo yake peke yake, ambayo isipofanywa nyumba itaona: kupanga viatu mlangoni, kuhesabu vikombe, kumvisha mdogo wake, na akifika minane kutumwa dukani akarudi na chenji sawasawa. Familia nne za ngazi moja zaweza kukubaliana kwamba kila jioni mtu mzima mmoja akae chini ukumbini na watoto wote, wa umri wote, wacheze mbele yake, asiingilie ila patokee hatari. Pumwani ya zamani iliishi hivyo. Mlango ulikuwa wazi, na kila mzee alikuwa na haki ya kumkanya mtoto wa mwenziwe. Leo mzee akikanya hugombwa na wazazi, na kwa hilo wenye makosa ni wazazi.

Na wazee wa pwani nao wana sehemu yao, tena kubwa. Mjukuu ajapo likizo asiwekwe mbele ya televisheni kama mgeni, kisha akalaumiwa kwa kukaa kama mgeni. Apewe ndugu yake wa miaka kumi na mmoja afuatane naye sokoni na msikitini. Apewe ndoo yake. Akabidhiwe kitoto cha kubeba, na mbuzi kama wapo. Asemeshwe Kiswahili kizuri bila ya kuchekwa. Siku tatu za mwanzo atagombana. Ya nne, kama kundi lina mkubwa wake na kazi ina mwenyewe, ugomvi utapungua, na bibi atajionea hayo hayo aliyoyaona Weisner kwa watoto waendao na kurudi baina ya Kisa na Kariobangi. Mwisho wa likizo mtoto arudishwe kwa mamake.

Darsa ijayo, inshallah, tutazungumza juu ya miaka ya kubaleghe, ambayo ina mambo yake mengine.